Sekunde Hamsini na Mbili za Rekodi 417

Waraka wa Bodi uliingia Jumanne saa tatu asubuhi, Bi Tusekile akiwa anafuta glavu kwa spiriti. Aliusoma akiwa amesimama. Kisha akaketi akausoma tena polepole, maana mara ya kwanza hasira zilikuwa zimempanda kwenye mstari wa pili na hakuwa na hakika kama alichosoma ndicho kilichoandikwa.

Ndicho kilichoandikwa. Bodi ya Hazina ya Mafunzo, baada ya kutafakari kwa kina, ilikuwa imeamua kuisafisha Maktaba ya Mikono. Rekodi zote za uzazi ambao mtoto hakuishi zingefutwa Ijumaa saa nane mchana, "ili kuwajengea wanafunzi wa ukunga hali ya kujiamini." Wakutubi waliombwa kutoa ushirikiano. Wakutubi walikumbushwa pia kwamba ilikuwa marufuku kuwasiliana na mama yeyote aliyerekodiwa.

"Wajiamini kwa lipi?" Bi Tusekile aliviuliza viti thelathini vitupu.

Kwenye maktaba ile ya Chuo cha Ukunga Mbwilo, chini ya Mlima Rungwe, vitabu vilikuwa vimebaki kabati moja, na kabati lenyewe lilitumika zaidi kuegemezea miavuli. Wanafunzi walifuata glavu. Kila kiti kilikuwa na jozi yake, nyembamba kama ganda la kitunguu, zenye nukta mia tisa kila kiganja. Mwanafunzi anavaa, anatafuta rekodi mtandaoni, na glavu zinaichukua mikono yake na kuipitisha palepale ilipopita mikono ya mkunga fulani, siku fulani, kwenye uzazi wa kweli. Anahisi joto. Anahisi utelezi, anahisi kichwa kikigeuka. Wakati wa kubadili mkono ukifika, glavu humtetemesha kidogo kwenye kifundo. Akienda kinyume na rekodi, kengele hulia na alama zinakatwa. Mwanafunzi wa Kigoma na mwenzake wa Lindi waliweza kuushika uzazi mmoja saa ileile, na mama mwenye uzazi huo yuko zake shambani, hana habari.

Mama huyo aliwahi kusaini fomu, bila shaka. Aliisaini akiwa katikati ya uchungu, na mtu aliye katikati ya uchungu utamsainisha hata hati ya kuuza mlima.

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Aliyeingia alikuwa Subilaga, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye siku ile alitakiwa awe kwenye mafunzo ya vitendo kituo cha afya. Sare ilikuwa imekunjamana na macho yamemvimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelia au umeumwa na nyuki?"

"Nimelia."

"Basi kaa. Nyuki ningekuwa na dawa yake."

Subilaga hakucheka. Aliketi, akaificha mikono yake chini ya mapaja kana kwamba imemtia aibu.

"Jana nilipata bega lililokwama," alisema. "Kichwa kimetoka, bega limegoma. Nikafanya yote, mama, yote. Nikaita wenzangu. Tukampandisha mzazi magoti kifuani. Mwenzangu akakandamiza juu ya kinena. Wapi! Mkono wangu ulishaingia, na nilijua kabisa kinachofuata ni kuutafuta mkono wa nyuma wa mtoto na kuutoa. Nilijua. Halafu nikasubiri."

"Ukasubiri nini?"

"Mtetemo."

Bi Tusekile aliweka chini kitambaa cha spiriti.

"Nilikuwa nimevaa glavu za kawaida, mama, za boksi. Nimesimama pale nasubiri glavu za boksi zinitetemeshe. Sista mkuu akanipiga kikumbo, akamtoa mtoto mwenyewe. Mtoto ni mzima, kelele zake zimewafukuza hata ndege. Lakini angekuwa hayupo sista mkuu?"

"Ulishika rekodi ngapi za bega kabla ya kwenda huko?"

"Ziko sitini na moja. Nimeshika sitini. Na kwenye zote sitini, ukifuata tu, bega linatoka. Sijawahi kuhisi bega linalokataa. Sikujua linakuwaje." Akainua uso. "Ile ya sitini na moja ina alama nyekundu. Walituambia haimo kwenye mtihani."

Rekodi ile ilikuwa namba 417. Kwa miaka kumi na moja ilikuwa imefunguliwa mara nane, na mara zote nane aliyeifungua alikuwa Bi Tusekile, akiwa ameufunga mlango kwa ufunguo. Alimsogezea Subilaga waraka wa Bodi. Binti aliusoma, midomo ikimcheza.

"Wanaifuta Ijumaa? Mikono ya nani ile, mama?"

"Hii unayoitazama."

Bi Tusekile aliilaza mikono yake juu ya meza.

"Nilikuwa mkunga, Subilaga. Ulidhani nilizaliwa hapa kati ya viti? Waliporekodi, mafundi walituvika glavu za nukta na kutupa sharti moja: ukishika mahali, tulia kidogo, nukta zisome. Kwa uzazi mia tatu nikatulia vizuri, nikasifiwa. Tukapewa hadi vyeti. Siku hiyo bega likagoma, mkono wangu ukiwa mahali pake, nami nikatulia. Sekunde hamsini na mbili. Nilitulia kwa ajili ya nukta."

Subilaga hakumwuliza kilichompata mtoto, maana waraka ulikuwa mezani.

"Kuna kipengele cha Mwenye Mwili," alisema Bi Tusekile. "Mama aliyerekodiwa akija mwenyewe kwenye maktaba yoyote, akaweka kidole gumba, rekodi inakuwa yake. Bodi haiwezi kuifuta wala kuifungua bila neno lake. Tangu maktaba hii ianze hajatokea hata mmoja. Watakujaje, na sisi tumekatazwa kuwaambia kwamba wanaweza kuja?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho hutanikuta."

* * *

Njiani Bi Tusekile aligeuza shingo mara tatu, na mara zote tatu aliona kilekile nyuma yake: barabara, migomba, na mtambo wa kupimia mvua ukielea juu ya vilima. Hakuwa anaogopa kukamatwa. Alichoogopa kilikuwa mbele. Ni haki gani hii, alijiuliza, kumfuata mwanamke kwenye maisha yake aliyoyajenga upya, ukamwambia kwamba siku yake mbaya kuliko zote imehifadhiwa, na kwamba unaomba ruhusa ishikwe na wageni elfu? Akikaa kimya, mama yule atalala salama na wakunga wa nchi nzima wataendelea kusubiri mtetemo. Akisema, atamvunja mtu mmoja ambaye yuko hai na ana jina. Alikuwa ameipima pande zote mbili tangu jana na mizani ilikuwa haijatulia.

Alimkuta mama wa rekodi 417 kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ambako ndiye aliyekuwa msimamizi. Siku hizo aliitwa Mama Gwakisa, kwa jina la mwanawe wa kiume wa miaka tisa. Alikuwa amevaa buti za mpira na ameshika kipimo cha maziwa, akimsomea mkulima mmoja risala kuhusu kuongeza maji kwenye ndoo. Alipomaliza akageuka. Ilimchukua muda mfupi sana kumtambua mgeni.

"Ugonile, Mama Gwakisa," alisema Bi Tusekile.

"Wewe ni yule mkunga." Salamu haikuitikiwa. "Nilisikia uliacha."

"Niliacha."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu."

Mama Gwakisa akakisuuza kipimo, akakisuuza tena ijapokuwa kilikuwa kimeshatakata. Bi Tusekile alipiga moyo konde akasema yote, kwa mpangilio, jinsi mkunga anavyokabidhi zamu: glavu, sharti la kutulia, bega, sekunde hamsini na mbili, waraka, Ijumaa saa nane. Hakulia. Aliona kulia mbele ya mama yule kungekuwa kumwomba kitu kingine juu ya kile alichokuja kuomba.

"Mliniambia ni mapenzi ya Mungu," alisema Mama Gwakisa.

"Niliyesema hivyo ni mimi."

"Nikaamini. Nikaenda kanisani nikashukuru, mimi! Nikashukuru kwamba angalau nimepona." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Angeishi? Kama usingetulia?"

"Sijui. Nimejiuliza miaka kumi na moja. Pengine angeishi. Pengine hapana. Ila hizo sekunde zilikuwa zake, nikazipa mashine."

Mkulima wa ndoo ya maji alikuwa bado amesimama pale, akijifanya anafunga kamba ya baiskeli. Mama Gwakisa alimwangalia mara moja tu, mkulima akaondoka na ndoo yake.

"Na sasa unataka nije nikuokolee mkanda wako."

"Si wangu. Ingekuwa kwa faida yangu ningewaacha waufute. Wakiufuta hakuna atakayejua nilichofanya, nitastaafu kwa amani na keki. Nataka ubaki kwa sababu kuna binti mmoja juzi amesimama mkono ndani, anasubiri glavu imwambie la kufanya. Hajawahi kuhisi bega linalokataa. Wako wengi kama yeye, nchi nzima, na wote wamefaulu mitihani."

"Mtoto wangu awe somo."

"Ndiyo," alisema Bi Tusekile, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kulisema hilo kwa upole. "Na mwili wako. Watakushika, Mama Gwakisa, watu usiowajua. Una haki ya kukataa, na ukikataa sitarudi."

Mama Gwakisa akanyoosha kipimo cha maziwa kuelekea barabarani.

"Toka kwenye kituo changu."

Bi Tusekile akatoka.

* * *

Ijumaa saa saba na nusu, Bwana Kahungwa wa Bodi aliwasili maktabani na mkoba, tai na tabasamu la mtu aliyetumwa kufanya jambo dogo. Ufutaji ulitakiwa kushuhudiwa na mkutubi. Ndivyo kanuni ilivyotaka. Aliiwasha meza ya Hazina, na ukutani ikajitokeza orodha ya rekodi arobaini na tatu zilizokuwa zikisubiri saa nane. 417 ilikuwa ya kumi na sita.

"Mama yangu, usihuzunike," alisema. "Ni rekodi ambazo hata hazitumiki."

"Hazitumiki kwa sababu mmezipaka rangi nyekundu na kuzitoa kwenye mtihani. Mimi nikikufungia chakula kabatini, kesho nitasema hukuwa na njaa?"

"Utafiti wetu unaonyesha kwamba mwanafunzi akihisi kifo mikononi anapoteza ujasiri."

"Utafiti wenu ulimshika nani mkono? Huyo hapo, mwulizeni."

Subilaga alikuwa ameketi kiti cha mbele. Nyuma yake waliketi wanafunzi ishirini na tisa wengine waliotakiwa wawe darasani. Hakuna aliyewaita, au tuseme Bi Tusekile hakuwaita. Alichofanya ni kubandika waraka wa Bodi kwenye mlango wa bweni kwa gundi isiyobanduka. Bwana Kahungwa aliwatazama, tabasamu likapungua.

"Hawa wanafanya nini hapa?"

"Ni maktaba," alisema Subilaga. "Tunasoma."

Saa nane kasorobo. Bi Tusekile alikuwa amejiambia asiuangalie mlango, na alikuwa ameuangalia mara kumi. Moyoni alishakata tamaa na, jambo lililomshangaza, hakumlaumu mama yule hata chembe. Kilichobaki ni kukataa kuweka sahihi, wamfukuze, na ufutaji usubiri hadi wapate mkutubi mwingine mwenye kidole chepesi. Wangempata Jumatatu. Lakini Jumatatu si Ijumaa, na siku tatu za kumsumbua Bwana Kahungwa zilikuwa na ladha yake.

"Sisaini," alisema.

"Samahani?"

"Umenisikia. Kalamu yako nzuri, ila sisaini."

Bwana Kahungwa akafungua kinywa kujibu, na hapo mlango ukafunguka. Mama Gwakisa alikuwa amevaa gauni la kanisani na buti zake za mpira. Alipita katikati ya viti bila kusalimia, hadi mbele ya meza.

"Kidole kinawekwa wapi?"

"Mama, wewe ni nani?" aliuliza Bwana Kahungwa.

"Mimi ndiye 417."

Afisa akaufunga mkoba wake kwa kishindo. "Kuna mtu amewasiliana na mama huyu. Ni kosa. Dai lililopatikana hivyo ni batili."

"Nilimfuata mimi," alisema Bi Tusekile. "Juzi, saa nne asubuhi, kwenye kituo cha maziwa. Andika. Weka na jina langu lote. Ila kisome kipengele chenu: kinasema akija mwenyewe. Je, nimembeba mgongoni?"

Alikisoma. Akakisoma tena, akitafuta neno la kumwokoa, na wanafunzi ishirini na tisa wakamsubiri kwa heshima kubwa. Mama Gwakisa yeye hakusubiri. Aliona kioo kidogo chenye alama ya kidole, akabonyeza gumba lake, na kwenye orodha ukutani 417 ikaacha kuwa nyekundu.

"Sijamaliza," alisema. Hapo ndipo alipomgeukia Bi Tusekile, na macho yake yalikuwa makavu. "Sijakusamehe, Tusekile. Hilo lijulikane mbele ya watu wote hawa. Sikuja kwa ajili yako."

"Najua."

"Nataka mambo mawili. Mwanangu si namba. Niliondolewa pale nimezimia, nikazinduka ameshazikwa, na jina nililokuwa nimemwekea sikuwahi kumwambia mtu. Aliitwa Tumpale. Anayevaa glavu hizi alitaje kwanza, ndipo zifunguke. Na jina lako liandikwe chini yake, na ulichofanya, na kwa nini."

"Litaandikwa leo."

"La pili, mnivike."

Hapakuwa na aliyelitarajia hilo. Bi Tusekile alitaka kusema hapana. Alitaka kusema kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyashika. Halafu akakumbuka kwamba amri hiyo haikuwa yake tena. Alimvika glavu mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akaisogeza rekodi mbele hadi mahali alipopajua kuliko nyumbani kwake: kichwa kimetoka, chote bado kina joto, kimeanza kugeuka.

Mikono ya Mama Gwakisa ikapanda hewani, ikajikunja taratibu kulizunguka umbo ambalo wengine hawakuliona. Alikaa hivyo. Kidole gumba kikapita juu ya kitu kidogo, kikarudi, kikapita tena.

"Ana nywele," alisema.

Bi Tusekile aliizima rekodi kabla ya bega. Machozi aliyoyazuia tangu Jumatano yalimtoka yote, na hakujali nani anayaona. Mama Gwakisa alivua glavu, akazishika kifuani kwa muda, kisha akamnyooshea Subilaga.

"Wewe ndiye uliyesubiri?"

"Ni mimi, mama."

"Vaa."

Subilaga akavaa. Wanafunzi wengine wakavaa za kwao, na ukutani majina ya vyuo yakaanza kujipanga kwenye foleni, Kigoma, Lindi, Tarime, kwa kuwa binti mmoja wa nyuma alikuwa amewapelekea wenzake habari. Bwana Kahungwa alisema jambo kuhusu mamlaka ya juu. Halikusikika vizuri.

"Tumpale," alisema Subilaga, na viti vyote nyuma yake vikalirudia.

Glavu zikafunguka. Mikono thelathini ya kulia ikaingia pamoja, ikashika pamoja, na kwa mara ya kwanza bega likawakatalia. Bi Tusekile alizihesabu sekunde bila kuangalia saa, maana alizijua. Moja. Mbili. Tatu. Mikono yake ya zamani ilikuwa imetulia ndani ya ile thelathini, imara na ya kuaminika, ikisubiri nukta zisome. Hakuna mtetemo uliokuja. Nne. Tano.

Kisha Subilaga akauma meno, akauchomoa mkono wake kutoka kwenye njia ya rekodi, glavu ikimvuta arudi naye akikataa, akaupeleka chini, nyuma, kule mkono mdogo ulikokuwa umejikunja.

Kengele ya mashine ililia: mwanafunzi ameacha kufuata rekodi. Ikalia ya pili, ya tatu, kisha zote kwa pamoja hadi madirisha yakavuma. Bwana Kahungwa alikimbilia swichi.

"Iache," alisema Mama Gwakisa. "Iache ilie."